Usiniulize Uko Wapi

Juzi kijana wa bodaboda aliyekuwa akiniletea gunia la mkaa alipotea. Alipita mbele ya nyumba yangu mara tatu, akanipigia simu mara tano, na ya sita akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka na dunia: "Mzee wangu, kwani wewe unakaa nyuma ya nini?" Nikamjibu ukweli mtupu, kwamba mimi sikai nyuma ya kitu, kuna kitu kinakaa nyuma yangu. Akakata simu. Gunia nikalifuata barabarani mwenyewe, nikalibeba kwa mgongo huu huu ambao daktari ameukataza kubeba hata mjukuu.

Hicho kinachokaa nyuma yangu ni uwanja. Kwa lugha ya ofisini unaitwa eneo la wazi, jina la kuchekesha, maana sijaona mahali palipofungika kama pale. Nyumba kumi na nne zimeuzunguka, zote zimeupa mgongo, na njia ya kuingilia ni kichochoro kimoja kati ya ukuta wa mwalimu mstaafu na jiko la mama muuza maandazi. Mwenye kitambi hupita kwa ubavu. Siku ya shughuli, sufuria kubwa la pilau hupitishwa tupu, limelazwa upande, watu wanne wakilisukuma na wa tano akisoma dua; mchele hufuata baadaye.

Mahali penyewe sipataji. Niseme tu ni Kigoma, kati ya Mwanga na Ujiji, upande ambao ukipanda juu ya paa unaliona ziwa lote, na ukishuka humwoni hata jirani. Zaidi ya hapo usiniulize. Nimeishi miaka ya kutosha kujua kwamba mahali pazuri pakishatajwa panapata kamati, kamati inapata mhuri, na mhuri unapata mnunuzi. Hata ramani ya kwenye simu haiujui. Mpwa wangu alinionyesha: nyumba zetu zipo, barabara ipo, na katikati pana rangi ya kijivu kama vile Mungu alipofika pale alikatika umeme.

Ndani ya hicho kijivu mna miembe miwili, mwarobaini mmoja ambao hukatwa majani na kila mwenye homa, na mchikichi mzee ambao hakuna anayejua aliupanda nani ila kila mtu anakumbuka kuwa alikuwa babu yake. Mna pia banda langu la kuku. Banda lile ni la muda. Nililiweka mwaka 2016 wakati natengeneza ua wangu, na ua ukishakamilika litaondoka.

Sasa nieleze shida zangu, maana ndiyo kazi niliyopewa humu.

Alfajiri uwanja ni mali ya mama muuza maandazi. Moshi wa jiko lake haupandi juu kama moshi wa watu wengine. Unazunguka nyumba zote kumi na nne kwa zamu, kama mjumbe anayekusanya mchango, halafu unaingia kwangu na kukaa. Saa nne uwanja ni wa nguo. Kamba zimepishana huko na huko, na ukitaka kuvuka lazima uiname chini ya shuka za watu, na ukiinuka unajikuta uso kwa uso na vazi la mtu unayemheshimu. Adhuhuri ni wa dagaa. Jirani yangu wa pembeni huwafuata mwaloni Kibirizi, akawaanika juu ya turubai, na hapo ndipo unapotambua kata yetu ina paka wangapi. Alasiri ni wa wazee wa drafti, ambao wako chini ya mwembe mkubwa kwenye mchezo mmoja tangu mimi nistaafu. Jioni ni wa watoto: wavulana na chandimu yao upande wa chini, wasichana na rede yao upande wa juu, na katikati kuna mpaka unaogombewa kuliko mipaka yote ya Maziwa Makuu.

Usiku ningetegemea kupumzika. Lakini huku kwetu usiku unatawaliwa na mwezi. Wavuvi wa dagaa wanahitaji giza, kwa sababu ni taa zinazomvuta dagaa, na mwezi ukipevuka taa inakuwa kama kibatari mchana. Kwa hiyo ukiwaona washairi wanausifu mwezi mpevu, jua hawajawahi kupakana na uwanja. Kwangu mwezi mpevu maana yake ni vijana kumi na watano wasio na kazi ya usiku ule, redio moja, na hadithi ya kuhe aliyekuwa mkubwa kuliko mtumbwi, inayosimuliwa nje ya dirisha langu kila mwezi na kila mwezi kuhe anaongezeka kilo.

Mwaka 2024 ndio ulinivunja. Serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kwa shughuli za uvuvi, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kupumzika na kuzaliana. Sina ugomvi na jambo hilo. Samaki wamepungua na kila mla migebuka anajua. Lakini hakuna aliyenijia akaniuliza watu watapumzikia wapi. Samaki walipumzika ziwani, wavuvi wakapumzika kwetu. Bao mbili za drafti zikawa saba. Ikaundwa ligi. Ikatoka jezi. Mke wangu, ambaye kwa miaka yote alisema uwanja ule ni kelele tupu, akaanza kuwauzia kahawa na kashata, na mwezi wa pili akanikopesha hela. Tangu siku hiyo simsikii tena akilalamikia kelele. Nimebaki peke yangu kwenye chama.

Kuna siku hasira huniishia kwa kutembea, nikashika barabara ya Ujiji hadi pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Na ndipo hasira inaporudi. Pale pana uzio. Pana mnara, pana makumbusho, pana mtu wa kukueleza, pana kiingilio. Na ukiuliza palitokea nini, unaambiwa mwaka 1871 wazungu wawili, mmoja mgonjwa na mmoja mwandishi wa gazeti, walikutana chini ya mwembe wakavuliana kofia. Yaani walisalimiana. Mwembe wenyewe hata haupo tena. Iliyopo inasemekana ni vizazi vya ule ule. Sasa nikupe hesabu: chini ya mwembe wetu watu wanasalimiana kila siku ya Mungu, na tena salamu za kikwetu, ambazo hazikubali kuisha kabla ya kuulizia watoto, shamba, mbuzi na goti la mama mkwe. Nani ametuwekea hata kibao? Nilimshauri mwenyekiti wa mtaa tutafute mzungu mmoja aliyeshuka treni akapotea, tumwingize kichochoroni, kisha tumwingize na wa pili. Kichochoro ni kimoja, watakutana tu. Alisema atalipeleka kwenye kikao.

Lakini nikifika nyumbani, nikivuta kiti changu pale nyuma, naanza kufikiri upya. Sisi watu wa mwisho wa reli tuna historia na vitu vilivyofichwa. Wajerumani walipoona vita imewaelemea mwaka 1916, waliizamisha wenyewe meli yao, Goetzen, hapa hapa ziwani, lakini kwanza mafundi wakaipaka mashine grisi kwa uangalifu, kama mtu anayehifadhi nyama kwenye samli. Ikalala chini ya maji. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ikabeba watu, dagaa na mananasi kwa miaka ambayo meli zilizobaki juu juu zilikwisha kuwa vyuma chakavu. Ndiyo maana sioni haya kukaa kimya kuhusu uwanja wetu. Viwanja vilivyokuwa barabarani, ambavyo kila mpita njia aliviona, leo ni vituo vya mafuta, nyumba za wageni na fremu za maduka. Wetu umezama ndani ya nyumba, na bado unapumua.

Basi mwezi uliopita mpwa wangu akaja likizo. Anasoma mipango miji Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na kama wasomi wote wa mwaka wa tatu, haoni kitu bila kukipa jina. Nilimpitisha kichochoroni, akafika katikati ya uwanja, akashika kiuno, akazunguka polepole, macho yamemtoka.

"Mjomba," akasema, "hii ni Radburn!"

Nilidhani ni ugonjwa wa kuku. Nikakimbilia bandani.

Kumbe Radburn ni mtaa huko New Jersey, Marekani, uliojengwa mwaka 1929. Wasanifu wawili, Clarence Stein na Henry Wright, walitazama magari yanavyoongezeka wakasema watoto watakwisha. Wakazigeuza nyumba: jiko likatazama njia ya magari, sebule ikatazama bustani iliyo katikati, na mtoto akaweza kutembea kutoka kwao hadi shuleni bila kukutana na gurudumu. Wazo likasafiri dunia nzima, mpwa akasema, likaingia kwenye vitabu, na vitabu vikaingia kwenye meza za waliochora viwanja vyetu. Nikamuuliza kama huko Radburn sebule ndizo zinazotazama bustani, mbona huku kwetu kinachotazama bustani ni vyoo? Akanyamaza kidogo. Akasema labda mchoro ulishikwa kichwa chini.

Nadhani alikuwa sahihi. Sisi mbele ya nyumba tumeweka kila kizuri: varanda, vigae, geti lenye simba wawili, maua kwenye makopo ya rangi. Mbele kunatazama barabara, kuna vumbi na bodaboda, na hakuna anayekaa huko. Nyuma, ambako kuna kivuli na upepo wa ziwa, tumeweka choo, shimo la taka na mabati tunayosema tutayatumia. Uwanja ule umeishi maisha yake yote ukitazamwa na migongo. Ingekuwa binadamu angekwisha kuhama.

Mpwa hakuishia hapo. Akasema London kuna bustani za namna hii, zimezungukwa na nyumba pande zote, na wenye nyumba ndio wenye ufunguo. New York nako kuna moja inaitwa Gramercy Park, geti linafungwa, na asiye na ufunguo hutazama maua kupitia nondo. Jambo hilo lilinipendeza kwa dakika nzima. Nikajiona nafungua kufuli asubuhi, naingia, nafunga, nasoma gazeti. Kisha nikakumbuka niko wapi. Ufunguo wa kwanza ungekaa kwa mwenyekiti, kwa hiyo siku ya msiba tungeambiwa yuko semina. Wa pili angeomba shehe kwa ajili ya watoto wa madrasa, na nani atamnyima. Na kufikia magharibi fundi funguo wa soko la Mwanga angekuwa amekwisha kuchonga mia na arobaini, pamoja na mmoja wa mbuzi.

Mbuzi hao sijui ni wa nani. Nikiuliza, wana wenyewe wanne. Wakila mboga zangu, hawana mwenyewe.

Sasa tuje kwenye wizi, maana hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Wenzetu wa Nairobi mwaka 1989 walitaka kujengewa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Marehemu Wangari Maathai akasimama, akaandika barua, akapiga kelele, akatukanwa bungeni, na mwisho wenye fedha za nje wakajitoa na ghorofa likafa kabla ya kuzaliwa. Namheshimu sana mama yule, lakini nasema alikuwa na bahati: adui yake alionekana. Ghorofa 60 hata kipofu anaambiwa. Sisi tunaibiwa kwa tofali moja moja, na hakuna aliyewahi kuandamana kwa ajili ya tofali.

Utaratibu wenyewe ninaujua kama ninavyojua sala. Kwanza mtu anapanda minyaa. Minyaa si ukuta, ni mmea tu, nani atagombana na mmea? Mvua inanyesha, minyaa inanenepa. Mwaka wa pili anaifyeka upande wa kwake na kuiacha ichipue upande wa uwanjani. Nilipomuuliza fundi seremala kwa nini minyaa yake imesogea hatua tatu, alinitazama kwa huruma akasema, "Mzee, mmea unafuata jua." Mwaka wa tatu, nyuma ya minyaa, yanatokea mabati. Mabati ni ya kuzuia mbuzi. Mwaka wa nne mabati yanashika kutu, yanatia aibu, na mtu mwenye heshima zake hawezi kukaa na aibu, kwa hiyo anajenga tofali za kuchoma. Mwaka wa tano minyaa inang'olewa kwa sababu imebaki ndani na inasumbua.

Mwalimu mstaafu amekula hatua mbili. Alitufundisha hesabu nusu ya mtaa, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumhesabia. Mama muuza maandazi alianza na mafiga matatu. Mafiga yakapata paa, paa likapata nguzo, nguzo zikapata ukuta, na wiki iliyopita nimeona kufuli. Nyumba ya kona imechimba chemba ya choo uwanjani kisha ikapanda maua juu yake, na ukweli ni kwamba ndiyo maua yanayostawi kuliko yote. Msikiti mdogo ulisogeza varanda ili watoto wa madrasa wasinyeshewe. Hilo silisemi, nina wajukuu wawili pale. Jirani wa mkono wa kushoto ameegesha uwanjani gari ambalo halina injini, na mimi nakuapia gari lile linatembea.

Na mimi ndiye ninayelalamika peke yangu. Nikilalamika wanatazama banda langu la kuku, jambo ambalo silielewi, kwa sababu nimekwisha kuwaeleza kuwa ni la muda. Nimelipiga bati jipya mwaka jana tu kwa sababu lilikuwa linavuja, na sakafu nimeitia saruji kwa ajili ya usafi. Kuku ni kiumbe wa Mungu. Ninaye mmoja mwenye kishungi, mtagaji hodari, ana kichaa chake cha kutagia kwenye pembe moja tu, pembeni ya jiwe la saruji lenye kichuma juu. Sijui nani alilitupa pale jiwe lile. Nililikuta.

Gharama ya tofali hizi tuliilipa msimu wa mvua uliopita. Mtu wa nje hajui kwamba Kigoma ni mji wa mteremko; mvua ikianza Oktoba, maji yote ya mlimani yana safari moja tu, nayo ni ziwani, na hayapigi hodi. Zamani yalikuwa yakifika kwetu yanaingia uwanjani, yanatanda, yanakaa siku mbili yakiwafurahisha bata na vyura, halafu yanazama ardhini taratibu. Mara hii yalifika saa nane za usiku yakakuta kuta. Maji si mtu wa kugombana, yakatafuta mlango. Yalipita jikoni kwa mama muuza maandazi, yakachukua ndoo mbili za unga, yakapita kwa mwalimu mstaafu yakachukua viatu, na yalipofika sebuleni kwangu yalikuwa yamebeba kandambili za mtaa mzima, kama bwana harusi anayeleta zawadi. Tulikesha tumesimama juu ya viti. Mke wangu aliokoa godoro, mimi nikaokoa redio. Asubuhi tulirudishiana kandambili kwa heshima, kila mtu akatukana mlima, na hakuna aliyetaja ukuta.

Mpwa wangu aliposikia kisa hicho alitingisha kichwa kama daktari. Akaniambia habari za Sinza na Kijitonyama, ambako miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja kwa mpango, na maeneo ya wazi yakachorwa humo. Leo ukitafuta baadhi ya maeneo hayo, utaketishwa mezani na kuulizwa unywe nini. Akanitajia Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, kwamba matumizi ya ardhi hayabadilishwi kwa minyaa. Nikamwambia maneno hayo nimeyangoja maisha yangu yote, na kwamba ayaseme kwa sauti, tena karibu na ukuta wa fundi seremala.

Kosa langu ndilo hilo. Kijana akapata ari. Siku iliyofuata akatoka asubuhi, akarudi mchana na nakala ya mchoro wa zamani wa mtaa wetu, aliipataje sikuuliza, akaitandaza juu ya meza ya drafti, na wazee wakalazimika kusimamisha mchezo kwa mara ya kwanza tangu nistaafu. Uwanja ulikuwepo! Umechorwa kijani, mstatili mzuri, hauna hata kona iliyopinda. Nilijikuta natokwa machozi kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mama yake akiwa msichana. Kwenye karatasi ulikuwa mita 60 kwa 40.

Akakunjua futi kamba. Watoto wakashika ncha moja, yeye akashika nyingine, na mtaa mzima ukatoka kutazama. Mita 47 kwa 31.

Kimya kilichopita pale sijawahi kukisikia tangu tamko la kustaafu kwangu. Kisha watu wote wakaanza kuzungumza kwa pamoja. Mwalimu mstaafu alisema futi kamba za siku hizi zinatoka nje na zimefupishwa. Fundi seremala akasema ardhi husinyaa wakati wa kiangazi, na sote tunajua imepasuka. Mama muuza maandazi akasema mita zote zilizopotea ziko upande wa kina baba, yeye ni mjane. Mwenyekiti alisema litakwenda kwenye kikao. Mimi nilikaa kwenye kiti changu, mikono nimeikunja kifuani, nikitabasamu kama aliyeshinda kesi, na nikasema kwa sauti ya wote kusikia kwamba haki ifuate mkondo wake.

"Tutafute bikoni," mpwa akasema. "Ziko nne, moja kila pembe. Tukizipata, mjadala umekwisha."

Ya kwanza ilionekana upesi: wavulana walikuwa wakiitumia kama mlingoti wa goli, na mmoja akakiri kwamba magoli mengi ya msimu huu yaligonga mali ya serikali. Ya pili ilikuwa ndani ya jiko la mama muuza maandazi, imemomonyoka kichwa, maana kwa miaka sita alikuwa akipondea karanga juu yake. Ya tatu ilikuwa ndani ya ua wa mwalimu mstaafu, ndani kabisa, kwenye bustani ya mchicha, na mwalimu akasema aliihifadhi ili isiibwe. Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, nikapiga na paja.

Mpwa akarudi kwenye mchoro, akapiga mahesabu kwenye simu yake, akaanza kuhesabu hatua kuelekea pembe ya nne. Kumi. Ishirini. Nilikuwa bado nacheka alipofika thelathini. Alipofika thelathini na sita alikuwa amesimama mbele ya banda langu, na mtaa wote nyuma yake umesimama, hata mbuzi.

Akainama akachungulia ndani. Kuku wangu mwenye kishungi alikuwa kwenye pembe yake, amefura manyoya, jicho moja limemkazia mgeni.

"Mjomba," akaita, bila kugeuka, "huyu kuku ameatamia nini?"

"Mayai," nikasema.

"Chini ya mayai kuna nini?"

"Mpwa wangu, huyo ana siku ya kumi na mbili leo. Kuku akiinuliwa siku ya kumi na mbili mayai yote yanakuwa viza. Wewe ni msomi, hilo unalijua. Rudi baada ya siku tisa."

Mwalimu mstaafu alikuwa ameegemea ukuta wake, mikono ameikunja kifuani, anatabasamu. Hata hivyo kwa mila zetu hakuna mtu mwenye akili atakayemfukuza kuku kwenye kiota mbele ya watoto, na mpwa wangu amelelewa vizuri. Akakunja futi kamba. Akaandika kitu kwenye daftari. Wazee wakarudi kwenye drafti, mama akarudi kwenye unga wake, mwenyekiti akaenda kuandaa kikao.

Siku ya ishirini na moja vifaranga walitoka, tisa, wazima kabisa. Siku ya ishirini na mbili, kabla ya adhana ya alfajiri, nikamwekea mayai mengine.